Zaidi ya mashuka: kazi ya mbunge katika wodi ya wazazi

Siku zikikaribia, mjamzito wa Mbagala au Tandale huanza kupanga mkoba. Kanga safi zinatangulia, kisha glavu, pamba, wembe, mpira wa kutandikia, kibanio cha kitovu, mabomba ya sindano na beseni. Shoga aliyewahi kupita leba humwongezea neno: weka na fedha kidogo pembeni, hujui utaambiwa nini ukifika. Mkoba huo unapangwa katika nchi ambayo Sera yake ya Afya ya mwaka 2007 inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hawalipii huduma katika vituo vya umma.

Ukitaka kujua mbunge anahusikaje na uzazi, anzia kwenye mkoba huo.

Wapiga kura wengi wa pembezoni mwa Dar es Salaam humwona mbunge wao akiwa wodini siku ya makabidhiano. Msafara unafika, mashuka yanapangwa juu ya meza, vitanda viwili vitatu vinafunuliwa, kamera zinapiga picha, mganga mfawidhi anashukuru na risala inasomwa. Mashuka yana kazi yake, na hakuna mama atakayeyakataa. Lakini mfadhili yeyote anaweza kuyaleta, awe benki, kampuni ya simu, msikiti au kikundi cha kina mama wa VICOBA. Yako mambo mengine ambayo benki haiwezi kuyafanya hata ikitaka: kutunga sheria, kupitisha bajeti na kumbana waziri. Kwa kazi hizo Katiba imewaweka wabunge peke yao, na Ibara ya 63 inalitaja Bunge kuwa chombo cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi.

Kwanza hesabu zenyewe, kwa sababu zina habari njema ambayo wengi hawaijui, na zina doa ambalo husahaulika haraka. Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wajawazito na wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ukaleta 104. Kushuka huko ndiko kulikompa Rais Samia Suluhu Hassan tuzo ya Gates Foundation jijini Dar es Salaam Februari 2025. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa hayakushuka kiasi hicho. Kwa mwaka 2020 yaliiweka Tanzania kwenye 238. Wataalamu wataendelea kubishana kuhusu namna ya kuhesabu, ila hakuna anayekataa kwamba hali imekuwa afadhali. Akina mama wanaojifungulia katika vituo wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimeshuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000.

Doa ni watoto wachanga. Vifo katika siku 28 za mwanzo vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa kwanza. Katika ule wa 2022 vilikuwa 24. Miaka saba, tofauti ya mtoto mmoja! Lengo la dunia ifikapo 2030 ni visizidi 12. Kwa maneno mengine, mama amefika kituoni, ameokolewa, na mtoto bado yuko mashakani. Wanaokufa ni njiti, waliochelewa kupumua baada ya kuzaliwa, na waliopata uambukizo. Hao hawaokolewi na shuka jipya. Wanahitaji mkunga ambaye hahudumii kina mama wengi kwa wakati mmoja, mashine ya kusaidia kupumua, oksijeni isiyokatika, na chumba ambamo mama anaweza kukaa na njiti wake kifuani kwa mtindo wa kangaruu mpaka uzito upande.

Katika jiji hili, wingi wa watu pekee ni tatizo. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Temeke ilikuwa na 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Wakazi wapya hawaendi Kariakoo wala Upanga. Wanakwenda ambako kiwanja kinanunulika, yaani Chamazi, Mbande, Toangoma, Buza, Bunju, Madale na Mabwepande. Huduma huwafuata nyuma, tena kwa mwendo wa daladala kwenye foleni. Mabwepande ni mfano unaojieleza wenyewe. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika wa mabondeni walipewa viwanja huko, mbali na kila walichokuwa wamekizoea. Hospitali ya wilaya ya Kinondoni ilikuja kujengwa Mabwepande baadaye, watu wakiwa wameshahamia na kuzaa.

Kwa nini Kinondoni ilihitaji hospitali mpya ya wilaya wakati ina Mwananyamala? Jibu la swali hili ndilo linalomtenganisha mbunge anayejua kazi yake na anayepiga kelele tu. Mwananyamala, Temeke na Amana zilipandishwa hadhi kuwa hospitali za rufaa za mkoa, na Novemba 2017 Rais John Magufuli aliagiza hospitali za rufaa za mikoa zihamie Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za manispaa, kama ile ya Mbagala Rangi Tatu au Sinza maarufu kwa jina la Palestina, zikabaki chini ya halmashauri na Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Kwa hiyo mjamzito anayeanzia zahanati ya mtaani Chamazi, akapelekwa Rangi Tatu, kisha akapewa rufaa ya Temeke, amevuka mpaka wa wizara mbili akiwa ndani ya gari moja. Mganga wa zahanati anaajiriwa na mlango mmoja, daktari wa upasuaji anaajiriwa na mlango mwingine. Mbunge anayemuuliza Waziri wa Afya kwa nini zahanati ya kata yake haina mkunga wa zamu ya usiku ataambiwa, kwa adabu zote, kwamba swali hilo ni la TAMISEMI. Na bajeti ya TAMISEMI hujadiliwa siku nyingine.

Tuitazame hiyo zahanati kwa karibu. Kinachoua zaidi wazazi ni kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, pamoja na kifafa cha mimba. Damu ikifunguka, mama anaweza kupotea ndani ya saa mbili hivi. Sindano ya kwanza ya kumwokoa ni oksitosini, dawa ya bei ndogo isiyopenda joto: inatakiwa itunzwe kati ya nyuzi 2 na 8. Dar es Salaam ya Februari haina nyuzi hizo popote isipokuwa ndani ya friji. Friji linataka umeme, na umeme ukikatika linataka jenereta au sola, na jenereta linataka mafuta ambayo mtu fulani aliyaandika kwenye bajeti ya kituo miezi mingi kabla. Dawa iliyoharibika kwa joto haibadiliki rangi wala harufu. Muuguzi anachoma sindano kwa nia njema, na damu haikati. Mstari wa mafuta ya jenereta kwenye kitabu cha bajeti ya manispaa hauna mvuto wa kisiasa hata kidogo. Hakuna atakayeukatia utepe. Ndiyo maana anahitajika mtu wa kuutafuta.

Mtu huyo anaweza kuwa mbunge, na si lazima asubiri Dodoma. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Anakaa humo na madiwani, anapigia kura mapato ya ndani ya manispaa, anasikia taarifa ya mganga mkuu. Tena kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Fedha zake si nyingi, na nyingi huishia kwenye mifuko ya saruji na mabati ya kumalizia madarasa. Lakini zinatosha friji. Zinatosha pia kumalizia chumba cha kusubiria kujifungua.

Usafiri wa dharura una hadithi ya kutia moyo kidogo. Mfumo wa M-mama, ulioanza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, ulizinduliwa kitaifa Aprili 2022 na sasa umeenea mikoa yote. Inapigwa namba 115 bila malipo, kituo cha mawasiliano kinatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anaitwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa. Analipwa na mfumo, si na mgonjwa. Kwa mtu wa Mbande ambaye usiku wa masika angebebwa kwenye bajaji kupitia madimbwi, hilo ni jambo kubwa. Swali la mbunge hapa ni rahisi: halmashauri yangu imetenga kiasi gani kuwalipa madereva hao, na wamelipwa lini mara ya mwisho? Dereva anayedai hapokei simu ya saa nane usiku.

Turudi Dodoma. Wananchi wengi wanaamini mbunge akitaka anaweza kupeleka muswada wa kuajiri wakunga elfu kumi. Hawezi. Ibara ya 99 ya Katiba inasema jambo la kuongeza kodi au matumizi ya fedha za umma halishughulikiwi na Bunge mpaka lipendekezwe na Rais na kuwasilishwa na waziri. Na Bunge likiikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Ni mbunge gani aliyetumia akiba yake kwenye kampeni atakayetaka kurudi kwa wapiga kura kabla ya wakati? Uwezo wake halisi uko kwenye kamati, kabla ya mjadala wa ukumbini, wakati vitabu vya bajeti vinapofunguliwa mstari kwa mstari na katibu mkuu yuko mezani akijibu. Huko hakuna kamera. Wanaofuatilia shughuli za Bunge wanajua kuwa ahadi nyingi hupatikana katika vyumba hivyo; hotuba za ukumbini huja baadaye kuzithibitisha.

Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoahidi mjini Abuja, mwaka 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Kiwango hicho hakijafikiwa. Bunge limekuwa likilikumbusha jambo hilo karibu kila msimu wa bajeti, kisha bajeti inapita.

Bunge lilipitisha pia tozo za miamala ya simu mwaka 2021, na wananchi wakaja juu. Kelele zilikuwa za haki. Mtu anayemtumia mama yake shilingi elfu ishirini kijijini alikatwa bila huruma, na Serikali ikalazimika kupunguza. Hata hivyo sehemu ya fedha hizo ilijenga vituo vya afya 234 nchini, vingi vikiwa na jengo la upasuaji na la wazazi. Mwandishi huyu anaona somo lililomo humo halijasemwa vya kutosha: kodi iliyochukiwa ilizaa majengo yanayopendwa, na hakuna mbunge aliyejitokeza kwa ujasiri kuwaambia wananchi habari hizo mbili katika sentensi moja. Majengo nayo si huduma. Chumba cha upasuaji bila mtaalamu wa usingizi ni chumba chenye taa nzuri.

Kwenye sheria ndiko Bunge lilikoacha alama inayoonekana, na mapengo yanayoonekana pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku akirudi kazini. Kwa miaka mingi sheria hiyo haikumjua njiti. Mama aliyejifungua wiki ya 29 alizimaliza siku zake 84 wodini, akarudi kazini mtoto akiwa na uzito ambao mwenzake aliyetimia huzaliwa nao. Taasisi ya Doris Mollel, ambayo mwanzilishi wake mwenyewe alizaliwa njiti, ilibisha hodi kwa viongozi na wabunge kwa miaka kadhaa kuhusu jambo hilo. Januari 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi yaliyoongeza likizo kwa anayejifungua kabla ya wakati. Hapo tunaona jinsi sheria inavyotengenezwa kweli: mtu mwenye uchungu wa jambo, taasisi inayoandika hoja, wabunge wanaozisoma, na Serikali inayokubali kulibeba kama muswada wake.

Lakini sheria hiyo inamlinda nani Temeke? Inamlinda karani, mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa kiwanda mwenye mkataba. Mama ntilie wa Tandika hana mwajiri wa kumwomba likizo. Muuza vitumbua wa Kizuiani anarudi kwenye karai mara tu anapoweza kusimama, mtoto mgongoni, kwa sababu siku asiyopika ni siku ambayo nyumba haili. Kina mama wa namna hii ndio wengi pembezoni mwa jiji, na hakuna kifungu kinachowagusa.

Kwao, tumaini lililo karibu lilipaswa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 baada ya muswada kurudishwa na kujadiliwa upya. Humo ndimo ingefaa ahadi ya sera ya 2007 igeuke kuwa haki yenye chanzo cha fedha. Uzoefu wa karibu unatia wasiwasi kidogo. Toto Afya Kadi, bima ya mtoto iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ilisitishwa Machi 2023 kwa maelezo kwamba wazazi walikuwa wanakata kadi watoto wakishaugua na mfuko unaelemewa. Wabunge walilalamika ndani ya ukumbi, wazazi wakalalamika nje, na baadaye kadi ikarejeshwa. Hesabu za Mfuko wa Bima ya Afya zilikuwa za kweli, na machungu ya wazazi yalikuwa ya kweli. Bima inayotegemea hiari ya mwenye mtoto mgonjwa haiwezi kusimama. Ndiyo sababu vyanzo vya fedha vya sheria mpya vinahitaji jicho la Bunge kuliko picha za uzinduzi wake.

Wahenga walisema ahadi ni deni, ila deni la sera halidaiki kirahisi mahakamani. Jirani zetu Uganda walilijaribu. Mwaka 2011 kituo cha haki za afya cha CEHURD kilifungua shauri kuhusu kina mama waliofariki wakijifungua katika hospitali za umma, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba. Ikaamuru familia zilipwe fidia na fedha za kutosha zitengwe katika bajeti inayofuata. Ilichukua miaka tisa kwa mahakama kusema jambo ambalo wabunge wangeweza kulimaliza katika msimu mmoja wa bajeti.

Nyumbani, mahakama imeshasema na Bunge limenyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi alishinda kesi Mahakama Kuu mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye na kutaka vifungu hivyo virekebishwe. Mwaka 2024 ulikwisha bila marekebisho kupitishwa; kila mara ilisemwa kwamba maoni yanakusanywa, mila na dini zinasikilizwa. Wakati huo huo utafiti wa 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshapata ujauzito. Kila mkunga wa Mwananyamala anajua nyonga ya msichana wa miaka 15 ikoje na uchungu wake unavyoweza kwenda. Kati ya kazi zote zilizotajwa hapa, hii ndiyo isiyohitaji shilingi hata moja ya bajeti, na ndiyo iliyokwama kuliko zote. Hilo ni la kulaumiwa.

Pengine ingesaidia wabunge wenyewe kuyaonja maisha haya. Agosti 2019 huko Nairobi, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, Zuleika Hassan, aliingia bungeni na mwanawe wa miezi mitano kwa kukosa mahali pa kumwacha, akatolewa nje. Kenya ilikuwa na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inayowataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea; Bunge lililoitunga ndilo lililokutwa halijajiandaa.

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya, na Chamazi likakatwa kutoka Mbagala, kama Kivule lilivyokatwa kutoka Ukonga. Kwa hiyo baada ya uchaguzi wa Oktoba mwaka huo, wakazi wa Chamazi wana mbunge wao peke yao kwa mara ya kwanza, na ana watu wachache wa kuwahudumia kuliko aliyemtangulia. Kisingizio cha ukubwa wa jimbo kimekwisha. Anaweza kuanza na maswali matano ya kumpelekea mganga mkuu wa manispaa: zahanati zipi hazina mkunga usiku, friji zipi hazina umeme wa akiba, madereva wa M-mama wanadai kiasi gani, ni vifo vingapi vya uzazi na vya wachanga vilijadiliwa katika vikao vya mapitio mwaka jana, na kilichoamuliwa humo kimetekelezwa au bado.

Wananchi nao wanaweza kuyauliza. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, na mikutano yake ya kawaida ni ya wazi kwa umma. Maswali ya mbunge na majibu ya mawaziri huandikwa neno kwa neno katika Taarifa Rasmi za Bunge, Hansard, zinazowekwa kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta jina la mbunge wako humo, kisha angalia ni mara ngapi ametaja zahanati ya kata yako.